Mapigo Saba Chini ya Wodi ya Wazazi

Tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa uchimbaji katika kitengo chetu cha uchunguzi wa udongo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Barua yake ya ajira inamtaja kwa cheo. Sisi tunamwita Babu Rudia, na aliyefanya naye kazi hata siku moja haulizi kwa nini.

Kwa wageni wetu wa leo, niieleze kazi yenyewe. Mchanga uliolegea na kujaa maji, tetemeko likiutikisa, hupoteza nguvu na kuwa kimiminika; jengo lililo juu yake huzama au hulala ubavu. Yeye husema mchanga "umelewa". Ili kujua mapema ni upi utakaolewa, fundi huchimba shimo jembamba, hushusha bomba, kisha hulipiga kwa nyundo nzito akihesabu mapigo mpaka lizame sentimita thelathini. Mapigo yakiwa mengi, ardhi imeshikamana. Yakiwa machache, kuna hatari.

Ni kazi ya kuhesabu tu, ndiyo maana wengi huidharau. Babu Rudia huhesabu kwa sauti, na ole wako umsemeshe akiwa kwenye pigo la kumi na nne. Mhandisi mmoja alimpa pole ya jua katikati ya hesabu. Mtambo ukasogezwa hatua mbili na shimo likaanzwa upya. Mimi ninayeandika nimepokea mifuko yake ya mchanga maabara kwa miaka kumi na sita, na sijaona hata mmoja usio na kina, saa na sahihi. Ripoti zangu yeye amenirudishia, tena si mara moja.

Ukali huo una chanzo chake. Tulimbembeleza tusikitaje katika siku ya furaha kama hii. Akasema kisipoandikwa, haji.

Mwaka wake wa kumi na moja kazini alipima kiwanja cha wodi ya wazazi, kando ya mto. Katika shimo la mwisho, mita sita chini, alihesabu mapigo ishirini na tisa. Mtambo ulikuwa unasubiriwa kwingine, akaandika namba na kutupia bomba garini bila kulifungua aone limenasa nini. Wiki iliyofuata, ripoti ikiwa imeshatoka, alikuwa anaosha vifaa akakuta jiwe limekwama mdomoni mwa bomba lile. Nyundo ilikuwa imepigana na jiwe, mchanga haukupimwa. Akajipa moyo kwamba mashimo mengine yalikuwa mazuri, akanyamaza.

Miaka mitatu baadaye tetemeko dogo lilipiga ng'ambo ya mto. Mchanga ulibubujika kutoka ardhini kama uji unaofurika sufuriani, na ghala moja likalala ubavu. Wodi haikuguswa. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa kitengo wa wakati ule akasema yote. Akajibiwa kwamba jengo halina hata ufa, na yaliyopita si ndwele. Mkuu aliisahau nusu ya pili ya methali, ile ya kuganga yajayo.

Tangu hapo, kila Januari aliandika barua kuomba shimo lile lichimbwe upya. Wakuu walibadilika, barua haikubadilika. Wengine tuliifanyia mzaha, nami nilikuwamo. Naomba radhi mbele yenu nyote.

Barua ya ishirini, ya mwaka huu, ilikubaliwa. Aprili alifunga mtambo hatua chache kutoka ukuta wa wodi. Kwenye mita sita nyundo ilishuka mara saba tu, bomba likawa limezama. Alilifungua mbele yetu: mchanga mtupu, umeloa chapachapa. Tukamtazama. Akasema, "Rudia." Shimo la pembeni likatoa sita.

Ni yeye aliyeingia wodini kumweleza muuguzi mkuu. Dada yule alikasirika, na nani wa kumlaumu?

"Miaka ishirini na mbili tunazalisha humu, leo ndiyo mnakuja kutuambia?"

Babu Rudia hakumtaja mkuu yeyote wala barua hata moja. "Kosa ni langu, dada," akasema. "Nimekuja tuwatoe."

Kuhamia jengo la juu, lililojengwa kwenye mwamba, kulichukua siku tisa. Fundi mkuu, mwenye mgongo mbovu na katazo la daktari, alibeba vitanda vya watoto pamoja na wahudumu. Mama wa mwisho alitoka Jumatano saa sita mchana, mwanawe begani. Wodi ya chini imefungwa mpaka ardhi yake ishindiliwe. Tetemeko halijaja, likija, litakuta vyumba vitupu.

Shemeji yetu anasema Jumatano ile mumewe alirudi mapema, akavua viatu mlangoni, akakataa chakula, akalala mpaka asubuhi. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona akilala hivyo.

Kaka, tunakushukuru kwa miaka yako yote pamoja nasi. Tunakuombea afya, siku nyingi, na usingizi kama ule wa Jumatano.