Kitasa cha Ndani

Mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti wa mfuko wa sanaa wa familia, pamoja na wadogo zako uliofuatana nao:

Karibu

Sisi wafanyakazi wa ghala la picha tunakupokea kwa mikono miwili. Tumepiga deki tangu asubuhi. Tukikohoa utuwie radhi, ni vumbi la fremu.

Tulikotoka

Marehemu mzee wako alianza na picha tatu sebuleni kwake. Kila Jumamosi mlango ulikuwa wazi, na wapita njia walivua viatu wakaingia kutazama bure. "Ingieni jamani," alikuwa akisema, "picha haichakai kwa kutazamwa."

Mafanikio

Leo picha ni mia nne na kumi na mbili. Kila moja ina daftari lake la afya; sisi bado hatujafika huko. Moto ukizuka, gesi hujimwaga yenyewe na kuuzima bila tone la maji, na mlango hujifunga. Gesi hiyo ikiumeza moto, huimeza na hewa.

Changamoto

Mlango huo hauna kitasa kwa ndani, eti mwizi akijificha humo asitoke. Tuliandika barua mbili. Tukajibiwa kwamba mvumilivu hula mbivu.

Mwezi wa tatu kengele ya moto ililia na moto haupo; gesi ikajimwaga, mlango ukajifunga. Fundi wetu wa fremu, tuliyemwita Babu Gundi, alikuwa ndani akipangusa picha. Tulimsikia akigonga: "Jamani fungueni, mimi bado nimo!" Ufunguo ulikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana. Alipoacha kugonga, sisi tulikuwa bado tunavunja. Inatuuma mpaka leo.

Barua yenu ya pole tuliipata. Ilimshukuru Mungu kwamba hakuna picha iliyoharibika.

Maombi

Tuna ombi moja tu, kitasa cha ndani. Hata cha bei ya chini kitatosha.

Mgeni rasmi, picha utakayoizindua leo bado imo humo. Msomaji wa risala hii, mtoto wa kaka yake Babu Gundi, ndiye aliyepangiwa kuingia kuitoa, akishakukabidhi karatasi hii. Tunakuomba uinuke ufuatane naye, uushike ule mlango kwa mkono wako mpaka atoke.

Mungu akupe umri mrefu, nawe utuachie wetu.

Ni sisi, wafanyakazi wa ghala la picha. Tulikuwa saba.