Jina Lililotoka Kwenye Mteremko wa Pili

Kwenye basi la kwenda Thornton Heath, huku ughaibuni, mbele yangu alikaa Mzee Bhanu, Mhindi wa Kisumu, kama alivyojitambulisha. Alikuwa akimwonyesha mama mmoja Mkongo, aliyejuana naye kwa dakika kumi tu, picha kwenye simu za rola kosta za mbao alizopanda, yale mabehewa ya mchezo yanayopanda na kuteremka relini kwa kasi.

"Hii mpya ni laini kama kochi," alisema. "Unaipanda mara kumi na bado unakula chakula chako. Ile ya zamani, ya ufukweni, inatikisa mpaka meno. Mara moja inatosha." Alitoa maksi kwa uzito wa hakimu.

"Mimi ninapenda ile ya zamani," mama akajibu. "Jumamosi kanisa lilitupeleka. Kwenye mteremko wa kwanza bwana yangu aliita Yesu. Kwenye wa pili akaita Reine, yule dada wa kwaya."

"Na wewe ni nani?"

"Anne-Marie."

Mzee akazima simu. Mimi nikasoma tangazo la bima kwa bidii ambayo halikuistahili.

"Labda hukusikia vizuri, mama. Magurudumu yale yana kelele."

"Njo vile, hivyo hivyo, na yeye anasema. Kwa hiyo Jumamosi hii ninamrudisha kule, nisikie vizuri. Tutakaa behewa la nyuma."

"Lakini nyuma ndiko kunatikisa zaidi!"

"Najua, papa. Niliuliza."

Basi likaanza kupunguza mwendo. Mzee alimtazama, akasita, kisha utaalamu ukamshinda.

"Usiende asubuhi," akanong'ona. "Nenda saa tisa, jua likishapasha mbao. Hapo ndipo inakimbia kweli."

Milango ikafunguka, naye Anne-Marie akashuka akimshukuru.