Mfalme Aliyekatizwa Maneno

"Yaani umemkatiza mfalme akiwa anakata roho!" Mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye basi alimwambia mumewe hivyo, nami nikaacha simu yangu ili nisikie vizuri.

Kumbe ni mchezo wa video wa vita vya kale, sehemu ya pili. Mume hucheza, mke hutazama huku akikunja nguo. Siku hizi watu wa mchezoni wakianza kuongea tu, mume anabonyeza kitufe kuwaruka.

"Mama watoto, hadithi imepoa," mume alijitetea. "Mwanzo shujaa alikuwa analipiza kisasi cha kuuawa kwa baba yake. Sasa anatumwatumwa tu, mara akachimbe mizizi, mara akatafute farasi wa watu. Bora nipigane nikalale."

"Na mimi je? Mapigano siyaelewi, mimi nafuata hadithi."

"Nitakusimulia."

"Wewe? Harusi ya dada yako ulinisimulia kwa neno moja: 'Tulikula.'"

Nilikohoa kuficha kicheko. Mke akashusha sauti. "Ile ndiyo saa pekee tunayokaa tukacheka. Ukiiruka hadithi, mimi na wewe tutaongea nini?"

Mume akafungua mdomo, basi likasimama, wakashuka na jibu lao.