Mahubiri ya Hajiri

Padre Alphonce aliketi juu ya pikipiki yake, mbele kabisa ya pantoni ya Kivukoni, na helmeti hakuivua, ingawa mtoni hakuna ajali za pikipiki. Nyuma yake abiria wawili walikuwa wakimjadili Dokta Careen, mwanamke wa kwanza wa bonde hili kufundisha theolojia seminarini.

"Kasoma mpaka Ulaya, na altareni haruhusiwi kuhubiri," alisema mzee mmoja, katekista wa Lupiro. "Sasa elimu yote ile inamsaidia nani?"

"Mzee wangu, si anawafundisha mapadre?" aliuliza mama mwenye gunia la mpunga.

"Mapadre wana akili zao. Jumapili padre wetu mpya, Alphonce, katuhubiria habari za Hajiri jangwani, kanisa zima likalia. Mwanamke gani angeyawaza yale?"

Jasho lilimtiririka padre ndani ya helmeti. Mahubiri yale aliyasikia darasani kwa Dokta Careen, neno kwa neno. Aliweka mguu kwenye kiki, akiomba mto upungue upana.

"Muulizeni basi huyo padre, nani kamfundisha," alisema yule mama.

"Nikimwona tu, namuuliza."

Pantoni iligusa ukingo. Pikipiki, ambayo kila siku huwaka kwa kusukumwa, leo iliwaka kwa kiki ya kwanza.