Joto la Gari la Choijil

Kijiwe cha Damdin ni benchi moja tu la mbao, limewekwa ndani ya kibanda chake cha kuziba pancha, ubavuni mwa soko, karibu kabisa na jiko la makaa. Nje ni Januari ya Ulaanbaatar, baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, kwa hiyo ubishi wote wa mtaa umehamia humo ndani, kwenye chai ya maziwa yenye chumvi. Wenye benchi ni madereva wa teksi: Luvsan, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, na Gombo, aitwaye Mhandisi, ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Wa tatu ni Choijil, ambaye wiki hii amepewa jina jipya, Babu.

Saa tisa alasiri Babu alitakiwa kumchukua binti yake hospitali, pamoja na mjukuu wa kwanza wa siku tatu ambaye bado hajamtia machoni. Uani mwa hospitali mlinzi haruhusu injini kunguruma, maana moshi unaingia wodini. Unazima, unasubiri, na makaratasi ya kutoka huchukua hata saa nzima. Sasa gari la Choijil likizimwa linapoa kabla hujamaliza bakuli la chai. La Gombo, la aina ileile na mwaka uleule, linakaa na joto saa mbili. Choijil alikuwa amekosa usingizi kwa jambo hilo, akaamua kuwauliza wenzake, kosa ambalo mtu mwenye haraka hapaswi kulifanya.

— Langu jeusi, bwana, alisema Gombo. Jeusi linakunywa jua. Lako jeupe, linalirudisha jua kwa mwenyewe.

— Jua lipi? Hili la kuchorwa? Redio akadakia. Gari linakumbuka lilikozaliwa. La Mhandisi lilitoka kaskazini ya Japani, kwenye theluji. La Babu lilitoka kusini, limedekezwa.

Damdin, aliyekuwa amekumbatia tairi, akasema wote hawajui kitu. Magari haya usukani uko kulia, na moyo wa mtu uko kushoto. Kwa hiyo moyo wa dereva unaangalia katikati ya gari, na joto linasambaa. Ila Choijil ana tabia ya kukaa upande upande akiegemea mlango, moyo wake unapasha joto kioo cha mbele.

Choijil alijua ni upuuzi, lakini alijikuta anakaa wima kwenye benchi.

Mwishowe wakaafikiana jambo moja: blanketi la manyoya ya kondoo juu ya injini. Choijil alikuwa nalo moja tayari. Gombo akaleta lake, Redio lake, Damdin akatoa hata lile la kitandani kwake. Wakatoka, wakafungua boneti, wakaifunika injini gubigubi, wakarudi wakitetemeka na kujisifu.

Hapo akaingia mama mmoja, Tsevelma, mpishi wa shule, na tairi lenye pancha. Akahadithiwa habari yote, na watu watatu kwa mpigo. Akasikiliza, akanywa chai.

— Mtoto atakaa wapi? akauliza.

— Kiti cha nyuma, na mama yake, Choijil akajibu.

— Na mablanketi mmeyaweka wapi?

— Juu ya injini, Redio akasema.

— Sasa hapo nyuma, injini ikishazimwa, ni nini kitampasha joto?

Choijil aliona aibu kweli, aibu ya mtu mzima aliyeivisha injini akamsahau mtoto. Damdin ndiye aliyesimama wa kwanza, akachukua koti lake.

— Twendeni.

— Na tairi langu? Tsevelma akauliza.

— Kaa hapo kando ya jiko, mama. Chai ipo.

Uani mwa hospitali mlinzi aliinama dirishani, akawakuta wanaume wanne wamebanana, makoti yao ya ngozi ya kondoo yamefungwa hadi kidevuni. Akauliza kama injini imezimwa. Imezimwa. Akawaacha. Walikaa hivyo dakika hamsini, wakilipasha gari joto kwa pumzi zao na kufuta vioo kwa mikono, wakikatazana kufungua mlango.

Binti alipotokea na furushi lake, watatu walichomoka haraka na kuwapisha. Akaingia nyuma, akafunga mlango, akanusa.

— Baba, humu mnanuka kondoo.

— Ndiyo, mwanangu.

— Lakini pana joto.

Basi akafungua blanketi kidogo, usoni. Choijil akageuka, akamwona mjukuu wake, pua ndogo na kope zilizofumbwa, na machozi yakamtoka. Hakuwasha gari. Nje wenzake waliruka ruka kwenye theluji, wakagonga kioo, wakamwambia Babu washa, tunaganda, naye akawaonyesha mkono kwamba wasimsumbue.