Mama Gegedu Avua Koti Jeupe

Ifikapo tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara yetu ya viungo atastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Mlangoni pake limeandikwa jina refu lenye vyeo vitatu, lakini nani analitumia? Kwa wagonjwa, kwa mafundi wa maabara na hata kwa mlinzi wa getini, yeye ni Mama Gegedu.

Alikuja hapa akiwa mtafiti kijana, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, hadubini moja na sungura kadhaa. Gegedu ni ule utando mweupe, laini, unaoteleza, unaofunika ncha za mifupa ili goti likunjike bila kukwaruzana. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichanika haliponi kama ngozi. Likilika likaisha, mfupa hukutana na mfupa, na mtu huanza kushuka ngazi kinyumenyume.

Hayo hakuyasoma vitabuni tu. Mama yake mzazi, fundi cherehani, alikuwa na magoti yaliyovimba, naye alipiga simu ofisini kila wiki kuuliza lile lile: "Hao sungura wako hawajambo? Maana naona wao wanatibiwa, mimi bado." Maabara nzima tulicheka. Binti mtu alicheka nasi, kisha akarudi kwenye hadubini.

Alikuwa bosi wa aina yake. Alitembea kwa kasi hivi kwamba mikutano mingi ilimalizikia koridoni, sisi tukimfuata kama vifaranga. Chai aliisahau kila mahali. Kikombe kimoja kilikutwa kabatini kimeota ukungu, na mtu mcheshi alikuwa amekibandika karatasi: "Usiguse, jaribio linaendelea."

Lipo jambo moja ambalo kila aliyekuwepo analikumbuka. Kwa miaka kadhaa timu yake ilitengeneza jeli ya kubeba seli za gegedu na kuzishikiza penye jeraha ndani ya goti. Kwa sungura ilifanya vizuri. Ikaja zamu ya watu waliojitolea. Nusu walidungwa jeli, nusu maji ya chumvi, bila yeyote kujua kapata nini, na wote wakafanya mazoezi chini ya tabibu wa viungo. Matokeo yalipofunguliwa, waliopata jeli walikuwa na nafuu kubwa, na mkurugenzi wa wakati huo akaalika wageni. Kasoro ilikuwa moja: waliodungwa maji ya chumvi nao walikuwa na nafuu ile ile.

Wapo waliomshauri aonyeshe kundi la kwanza tu, hilo la pili lisubiri ripoti. Alisimama mbele ya wageni, akaweka michoro yote miwili bega kwa bega, akasema, "Jeli yetu haijayashinda maji ya chumvi. Kilichowasaidia watu hawa bado sikijui."

Mwezi uliofuata mradi ukasimamishwa, na baadhi yetu tukahamishiwa idara nyingine. Mwenyewe alituambia baadaye kwamba siku ile alilia ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Kisha akafuta machozi, akaenda kuketi kwenye chumba cha mazoezi cha tabibu wa viungo, akitazama watu wakiinuka vitini na kuketi, wakiinuka na kuketi. Akarudi na swali jipya. Pamoja na fundi mitambo wetu alitengeneza kifaa cha kubana na kuachia vipande vya gegedu. Vipande vilivyobanwa kwa kiasi vilibaki na afya, vilivyoachwa vimetulia vilidhoofika, na vilivyobanwa kupita kiasi vilipasuka. Gegedu, kumbe, hulishwa kwa mwendo, kama sifongo inavyonyonya maji ukiiminya na kuiachia.

Hapo ndipo jeli ilipopata mwenzake. Mradi uliporuhusiwa tena, katika jaribio la pili, wenye majeraha madogo waliopewa jeli na mazoezi yaliyopimwa tangu mapema waliwazidi waliofanya mazoezi pekee. Kwa magoti yaliyolika kote, alisema bila kificho, jeli bado haifui dafu, ila mazoezi hupunguza maumivu. Kliniki ya magoti ya ghorofa ya chini ilizaliwa hivyo. Mama yake alikuwa katika darasa lake la kwanza la mazoezi. Baada ya miezi michache alizipanda ngazi za maabara mwenyewe, akaomba aonyeshwe sungura. Mkurugenzi yule wa zamani naye huja kila Jumanne, na ndiye mlalamishi kuliko wote.

Wiki iliyopita Mama Gegedu alimkabidhi mrithi wake, aliyekuwa mwanafunzi wake, ofisi pamoja na utafiti mpya wa nyonga ambao haujatoa jibu. Tulimwomba abaki kama mshauri. Akakataa: "Nikibaki mtakuwa mnanitazama mimi, na mimi si sampuli."

Mwalimu wetu, dada yetu mkubwa, ahsante kwa kila ulichotufunza. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na siku zako zilizobaki ziwe ndefu na nyepesi. Jibu la nyonga likipatikana, liwe zuri au baya, utalisikia kutoka kwetu vile vile lilivyo.