Fundi Gregori Hyera, Aliyekubali Kukaa Katikati ya Ubao

Marehemu Gregori Castory Hyera, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi na wachache mlimwita Katekista, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika kijiji cha Maguu, Mbinga, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa wa Mzee Castory Hyera na Mama Adelina. Mama yake alisema siku hiyo mvua ilinyesha mno. Baba yake alisema mvua ilianza kesho yake. Wazazi wote wawili wametangulia, na kwa jinsi walivyokuwa, yawezekana huko waliko bado wanabishana.

Alisoma Shule ya Msingi Maguu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Hesabu zilimshinda zote isipokuwa za kupima kwa rula, jambo lililomfikisha kwenye karakana ya misheni, akajifunza useremala kwa miaka mitatu. Mwaka 1976 alikuja Kibaha, akaajiriwa kutengeneza madawati.

Tarehe 24 Agosti 1985 alifunga ndoa takatifu na Justa, hapa hapa Kibaha. Kwa haraka ya ujana alimtengenezea Justa kitanda cha mninga kabla hajapeleka posa. Mkwewe alikitazama kile kitanda, akamtazama na fundi, akauliza, "Kijana, wewe umekuja kuoa au umekuja kuuza samani?" Posa ilipokelewa, na kitanda pia. Walijaliwa watoto wawili, Skolastika mwaka 1988 na Castory mwaka 1991.

Mwaka 1986 aliacha ajira, akahamia Masaki, Kisarawe, akafungua karakana yake. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza. Mwaka huo huo alikabidhiwa ukatekista wa kigango. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na moja, Mkristo wa Masaki akifiwa, Fundi Gregori ndiye aliyemchongea jeneza, na yeye huyo huyo ndiye aliyesimama kaburini kumwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Jeneza lilikuwa na bei, maneno yalikuwa ya bure. Aliyatamka vizuri, kwa sauti nene, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameyajuaje.

Tarehe 2 Agosti 2007, Skolastika alifariki dunia kwa homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Fundi alikataa jeneza la binti yake lichongwe na mtu mwingine. Ila kuingia chumbani na futi, ampime mwanawe amelala, hakuweza. Akaenda kwenye fremu ya mlango wa sebuleni, alikozoea kuwapima watoto wake kwa penseli, akachukua kipimo cha alama ya juu kabisa ya Skola. Alama ile ilikuwa ya darasa la saba. Hakuna aliyempima tena tangu hapo. Msichana akishakua, anapimwa na nani?

Siku ya mazishi jeneza lilipungua shubiri nzima.

Kina mama walipotoka chumbani na habari hiyo, watu wote uani wakamgeukia Fundi. Mzee mmoja wa kigango, kwa nia njema kabisa, akamshika bega. "Vumilia, Katekista. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Yangu inayo," Fundi akajibu. Akavua koti, akarudi karakana.

Waombolezaji walingoja saa mbili na nusu. Aliyemfuata ni Mzee Mwinshehe peke yake, mkulima wa mihogo, Mwislamu, ambaye kwa desturi ya dini yake hakuwahi kuwa mteja wa majeneza. Alishika ubao upande wa pili, Fundi akakata. Mzee Mwinshehe hakusema neno hata moja. Baadaye Fundi alisimulia kwamba katika msiba ule wote, huyo ndiye mtu pekee aliyemfariji.

Baada ya hapo hakuongoza sala kwa miezi saba. Padre akaja kumuuliza kama amemkasirikia Mungu.

"Kidogo, Padre," alisema. "Ila zaidi nimeukasirikia huu mdomo. Miaka yote hii nimemsemea Mungu, wala sikutumwa."

Machi 2008 Mzee Mwinshehe alileta ubao wa mlango urandwe. Akamkuta Fundi amefumba jicho moja, anauchungulia ubao mrefu uliolala benchini kutoka nchani. Akamtania, "Wewe Mmatengo, huyo Mungu wako ndiyo umemwacha jumla?"

"Njoo hapa, mzee. Weka jicho hapa katikati ya ubao. Umenyooka?"

"Nitajuaje, nimeubandika puani?"

"Haya, nenda nchani."

Mzee Mwinshehe akaenda, akafumba jicho. "Umepinda kidogo. Kulia."

"Basi mimi niko hapo katikati," Fundi akasema. "Msiba wa Skola umenikuta hapo. Aliyeko nchani ni Yeye. Sijui anaona nini, na sitawadanganya watu tena kwamba najua. Lakini siwezi kusema hakuna anayeona."

Pasaka ya mwaka huo alirudi kigangoni. Kwenye misiba alisali sala zilizoandikwa, kisha akakaa kwenye mkeka na wafiwa. Walioyazoea yale maneno walinung'unika kwamba katekista amepoa. Mwaka 2011 familia ilihamia Misugusugu.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa Kibaha na Dar es Salaam. Wageni walikuja na chupa za mafuta na tafsiri za ndoto. Dada mmoja wa jumuiya akamwambia Mungu anampitisha motoni ili ang'ae. "Dada yangu," akamjibu, "kinachong'aa ni dhahabu. Mimi ni wa mbao. Nikipita motoni nitatoka mkaa." Alipoumwa alilia, akasali, akaomba apone. Hakupona.

Mama Justa alikuwa na swali alilolibeba miaka kumi na saba: je, mumewe alimrudia Mungu kweli, au alirudi kazini tu? Jumatatu alasiri, tarehe 10 Februari 2025, akiwa anamfuta jasho, alimuuliza.

"Baba Skola, ulimsamehe?"

"Nani?"

"Unamjua."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, sijaelewa mpaka leo, na hajanieleza. Kesho kutwa nikimwona nitamuuliza." Akapangusa mdomo. "Ila siogopi kwenda kumuuliza. Nigeuzie mto, huu umekuwa wa moto."

Mama Justa aliugeuza mto. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne, Fundi Gregori alifariki dunia nyumbani kwake.

Ameacha mjane wake Justa, mwanawe Castory wa Kwala, mke wa Castory, Elinipa, Mlutheri ambaye marehemu alimpenda hivyo hivyo, wajukuu watano, ndugu watatu, na Mzee Mwinshehe, ambaye jina lake limeingizwa hapa kwa amri ya marehemu, na anayebisha atamjibu yeye. Anazikwa leo Masaki, kando ya binti yake.

Fundi, nenda kaulize. Upumzike kwa amani.